Oksijeni kidogo kwenye naitrojeni, hasara kubwa kwenye tanuri

MKULIMA anayenunua gia ya pawatila au beringi ya mashine ya kukoboa hununua vitu viwili kwa mpigo: chuma chenyewe, na ugumu uliotiwa ndani ya chuma hicho. Chuma anakiona kwa macho na kukipima kwa mkono. Ugumu hauonekani mpaka msimu uanze. Gia mbili zinaweza kufanana kwa umbo, uzito na rangi, lakini moja ikadumu miaka na nyingine ikaliwa meno kabla kazi ya shamba la kwanza haijakwisha.

Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, kuanzia aina ya chuma hadi uchongaji wake. Lakini ipo sababu moja ambayo wenye viwanda hulipia fedha nyingi kila mwezi na ambayo mnunuzi hasimuliwi kamwe. Nayo ni hewa iliyokuwamo ndani ya tanuri wakati chuma hicho kinapashwa moto, hasa kiasi kidogo cha oksijeni kilichobaki ndani ya gesi ya naitrojeni.

Naitrojeni si ngeni kwa wafugaji. Mitungi inayotunza mbegu za madume kwa ajili ya uhimilishaji, kama zile zinazozalishwa katika kituo cha taifa cha Usa River mkoani Arusha, hujazwa naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Wauzaji wa parachichi wanaosafirisha kwa meli nao wanaifahamu, kwa kuwa yapo makontena ambayo hujazwa gesi hiyo ili oksijeni ipungue na tunda lichelewe kuiva.

Hata hivyo, kinachotosha kwa parachichi hakitoshi kwa chuma. Ndani ya kontena la matunda oksijeni huachwa ibaki asilimia chache. Ndani ya tanuri, asilimia moja tu ni nyingi mno.

Kwa nini chuma kinaogopa oksijeni

Gia, springi, beringi na blade za misumeno huchongwa kwanza chuma kikiwa bado laini. Baada ya kuchongwa, hupashwa moto hadi kati ya nyuzi joto 800 na 950 za Sentigredi, kutegemea aina ya chuma, kisha huchovywa ghafla kwenye mafuta au maji. Ndicho kitendo ambacho wahunzi wamekiita tangu zamani kukitia chuma maji. Baada ya hapo hupashwa tena kwa moto mdogo ili kisiwe kigumu kama kioo kikavunjika kwa pigo la kwanza.

Kinachokipa chuma uwezo wa kuwa kigumu ni kaboni. Chuma cha beringi huwa na kaboni inayokaribia asilimia moja. Gia nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye asilimia 0.2 hivi, kisha huongezewa kaboni kwenye ngozi yake ya juu hadi ifike asilimia 0.8. Ngozi hiyo, ambayo mara nyingi haizidi unene wa milimita moja au mbili, ndiyo inayobeba kazi yote ya msuguano wa meno.

Oksijeni inapokikuta chuma chenye moto huo hufanya uharibifu wa aina mbili. Wa kwanza unaonekana: chuma huota magamba meusi. Mhunzi wa jembe hajali sana magamba hayo, kwa kuwa huyapukutisha kwa nyundo na kumalizia kwa jiwe la kunolea. Lakini gia iliyokwisha kuchongwa kwa kipimo haiwezi kukwanguliwa bila kuharibu kipimo chake.

Uharibifu wa pili hauonekani. Oksijeni huinyonya kaboni kutoka kwenye ngozi ya chuma na kuondoka nayo kama gesi. Gia hutoka ikiwa na umbo kamili, lakini ngozi yake imekuwa laini kuliko ndani. Gia ya namna hiyo huliwa mapema. Springi ya namna hiyo hupata nyufa ndogo juu ya ngozi na hatimaye hukatika.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Chukua tanuri linalotumia mita za ujazo 50 za naitrojeni kwa saa, na gesi hiyo ina oksijeni asilimia 0.5 tu. Kwa saa moja zinaingia lita 250 za oksijeni, ambazo ni takriban gramu 357. Ikiwa oksijeni hiyo yote ingeishia kuchukua kaboni na kuigeuza kaboni monoksaidi, ingeondoa takriban gramu 268 za kaboni. Hicho ni kiasi cha kaboni yote iliyomo katika kilo 53 za chuma chenye kaboni ya asilimia 0.5. Kwa kuwa kinachoshambuliwa ni ngozi tu na si chuma chote, idadi ya vipuri vinavyoweza kuharibika ni kubwa zaidi.

Ndiyo maana kazi nyingi za kupasha chuma kikatoka king'avu huhitaji gesi yenye oksijeni isiyozidi sehemu 10 katika milioni. Asilimia 0.5 ni sawa na sehemu 5,000 katika milioni.

Naitrojeni inapatikana vipi

Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21, na sehemu inayobaki, isiyofika asilimia moja, karibu yote ni gesi ya agoni. Kazi ya kiwanda ni kuitoa naitrojeni katika mchanganyiko huo.

Njia ya zamani ni ya baridi. Mwaka 1895 mhandisi wa Ujerumani, Carl von Linde, alipata njia ya kuigeuza hewa kuwa maji kwa kuishindilia na kuiachia mara kwa mara hadi ipoe kupita kiasi. Kwa kuwa naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri na oksijeni kwenye nyuzi 183, gesi hizo zinaweza kutenganishwa kama vile gongo inavyotenganishwa na maji. Naitrojeni ya njia hii huwa safi sana, yenye oksijeni ya sehemu chache katika milioni. Lita moja ya maji yake huzaa karibu lita 700 za gesi.

Tatizo ni usafiri na upotevu. Naitrojeni ya maji huendelea kuchemka hata ndani ya tangi zuri, hivyo mwenye tanuri anayefanya kazi siku mbili kwa wiki hulipia pia gesi iliyotoroka siku tano. Kiwanda kilicho mbali na mji wenye mtambo wa gesi hulipia na barabara.

Njia ya pili ilikua kuanzia miaka ya 1970, wakati watafiti wa taasisi ya makaa ya mawe ya Bergbau-Forschung mjini Essen, Ujerumani, walipoendeleza chembe za mkaa zenye vitundu vidogo mno. Molekuli za oksijeni ni ndogo kidogo kuliko za naitrojeni, hivyo huingia upesi ndani ya vitundu hivyo, huku naitrojeni ikichelewa na kuendelea na safari.

Kipindi hicho hicho mgogoro wa mafuta uliozuka mwaka 1973 na kupanda kwa bei ya gesi asilia uliwafanya wenye matanuri wa Marekani na Ulaya, waliokuwa wamezoea kuchoma gesi asilia ili kupata hewa ya tanuri, watafute njia nyingine. Naitrojeni ikapata soko.

Mtambo wa chembe za mkaa huwa na minara miwili. Kompresa husukuma hewa iliyochujwa na kukaushwa ndani ya mnara mmoja kwa mgandamizo wa baa 7 au 8. Oksijeni hunaswa kwenye mkaa na naitrojeni hutokea juu. Baada ya dakika moja hivi mkaa hushiba, valvu hubadilika, na mnara wa pili huanza kazi wakati wa kwanza unaachia mgandamizo na kuitema oksijeni nje. Kazi huendelea hivyo usiku na mchana, na malighafi pekee ni hewa na umeme.

Asilimia ya mwisho ndiyo ghali

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Mtambo mmoja unaweza kutoa naitrojeni ya asilimia 99.5 au ya asilimia 99.999, kwa kupunguza tu kiasi kinachotoka. Kadiri unavyotaka usafi, ndivyo unavyopata gesi kidogo kwa hewa ileile.

Kwa makadirio ya jumla, mita moja ya ujazo ya naitrojeni ya asilimia 99.5 huhitaji karibu mita tatu za hewa. Ya asilimia 99.9 huhitaji karibu nne. Ya asilimia 99.999 huhitaji tano hadi sita. Viwango hivi hutofautiana kwa mtengenezaji na kwa joto la mahali, lakini mwelekeo wake haubadiliki: kuiondoa nusu asilimia ya mwisho hugharimu karibu sawa na kuiondoa asilimia 20 ya mwanzo. Mtambo wenyewe pia hulazimika kuwa mkubwa karibu maradufu, pamoja na kompresa yake.

Kutokana na hali hiyo, viwanda vingi huuachia mtambo utoe gesi ya usafi wa kati, kisha huondoa oksijeni iliyobaki kwa njia nyingine.

Njia za kuondoa masalia

Njia inayotumika zaidi ni ya haidrojeni. Kiasi kidogo cha haidrojeni huchanganywa na naitrojeni, kisha mchanganyiko hupitishwa kwenye chombo chenye punje za alumina zilizopakwa paladiamu au platinamu. Madini hayo ni kichocheo: huzikutanisha haidrojeni na oksijeni zikawa mvuke wa maji, bila yenyewe kuliwa. Si ugunduzi wa jana. Mwaka 1823 mkemia Johann Wolfgang Döbereiner wa Jena, Ujerumani, alionyesha kuwa platinamu huiwasha haidrojeni hewani bila kiberiti.

Kwa kila sehemu moja ya oksijeni zinahitajika sehemu mbili za haidrojeni, na ziada kidogo ili kuhakikisha hakuna oksijeni inayopita. Kichocheo hakihitaji kupashwa moto kwanza. Joto huzaliwa humo humo. Kwa kila asilimia 0.1 ya oksijeni gesi hupanda nyuzi 16 hivi. Oksijeni ya asilimia 0.5 huipandisha takriban nyuzi 80. Lakini mtambo ukiharibika na kuachia asilimia tatu, joto hupanda kwa karibu nyuzi 480, nalo laweza kuua kichocheo na kuhatarisha bomba. Kwa sababu hiyo chombo hiki hufungiwa kengele na valvu ya kukata haidrojeni joto likivuka mpaka.

Kosa kubwa ni kudhani kazi imekwisha hapo. Oksijeni imeondoka, lakini imeacha maji. Asilimia 0.5 ya oksijeni huacha asilimia moja ya mvuke, yaani sehemu 10,000 katika milioni. Mvuke huo ukiingia tanurini huinyonya kaboni ya chuma vilevile. Aliyeondoa oksijeni bila kukausha gesi amebadilisha jina la mwizi tu.

Kwa hiyo baada ya kichocheo lazima kuwe na kipoozeo, chombo cha kutenga maji, na kikaushio chenye punje zinazonyonya unyevu. Mafundi hupima ukavu kwa kipimo cha umande, yaani kiwango cha baridi ambapo mvuke uliomo huanza kuganda. Gesi yenye umande wa nyuzi 40 chini ya sifuri bado ina mvuke wa sehemu 127 hivi katika milioni. Kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri zinabaki sehemu 11 hivi.

Njia ya pili hutumia shaba. Gesi hupitishwa kwenye chembe ndogo za shaba zilizopashwa moto, na shaba huinasa oksijeni na kuwa nyeusi. Ikishiba, hurudishwa hali yake kwa kupitishiwa haidrojeni. Njia hii huifaa gesi iliyokwisha kuwa safi na inayohitaji kung'arishwa tu, kwa sababu shaba hushiba haraka ikipewa oksijeni nyingi.

Njia ya tatu ni kuacha oksijeni imalizwe ndani ya tanuri lenyewe. Wanaoongeza kaboni kwenye gia hudondosha methanoli pamoja na naitrojeni. Katika joto la tanuri lita moja ya methanoli huvunjika na kutoa takriban mita 1.66 za ujazo za gesi, theluthi moja kaboni monoksaidi na theluthi mbili haidrojeni, na gesi hizo huimeza oksijeni ndogo iliyobaki. Kwa kazi kama hiyo si lazima kununua naitrojeni ya asilimia 99.999. Anayeinunua analipia usafi ambao tanuri lake halina haja nao.

Hesabu ya mwenye kiwanda

Turudi kwenye tanuri la mita 50 kwa saa. Kuigandamiza mita moja ya ujazo ya hewa hadi baa 7 au 8 hula takriban uniti 0.1 ya umeme, na mara nyingi huzidi kidogo. Mtungi wa haidrojeni wa lita 50 uliojazwa kwa baa 200 una karibu mita tisa za ujazo.

Mpango wa kwanza ni mtambo wa asilimia 99.999 bila haidrojeni. Unahitaji hewa mita 300 kwa saa, sawa na uniti 30.

Mpango wa pili ni asilimia 99.5 pamoja na haidrojeni. Hewa ni mita 150, uniti 15 kwa saa. Lakini oksijeni ya mita 0.25 inahitaji haidrojeni ya mita 0.5 kwa saa. Mtungi mmoja unakwisha kwa saa 18. Katika saa hizo umeokoa uniti 270. Maana yake, mpango huu una faida ikiwa tu mtungi mmoja wa haidrojeni, pamoja na nauli yake, ni rahisi kuliko uniti 270 za umeme.

Mpango wa tatu ni asilimia 99.9 pamoja na haidrojeni. Hewa ni mita 200, uniti 20 kwa saa. Oksijeni iliyobaki inahitaji haidrojeni ya mita 0.1 tu kwa saa. Mtungi unadumu saa 90, na katika saa hizo umeokoa uniti 900 ukilinganisha na mpango wa kwanza.

Hesabu hii haijaweka ziada ya haidrojeni wala umeme wa kikaushio, na kila mmoja atapaswa kuweka bei za kwake. Hata hivyo inaonyesha jambo moja wazi. Mahali ambapo haidrojeni ni ghali au inatoka mbali, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, usafi wa kati wa asilimia 99.9 unaweza kuwa na nafuu kuliko mipango yote miwili ya pembeni. Na kwa mwenye tanuri linalohitaji haidrojeni kwa kazi yake, ile ziada haipotei. Inaingia tanurini na kufanya kazi.

Kabla ya kulaumu gesi

Malalamiko mengi ya gesi chafu huwa ni malalamiko ya tanuri bovu. Gesi inaweza kutoka mtamboni ikiwa na sehemu tano katika milioni, na ndani ya tanuri zikapimwa sehemu mia kadhaa. Njiani imepita mipira ya kawaida inayopenyeza hewa, viungo vilivyolegea, gaskiti ya mlango iliyochoka, na tundu la shafti ya feni.

Utaratibu unaofaa ni kupima sehemu tatu: kwenye mdomo wa mtambo, kwenye bomba linaloingia tanurini, na ndani ya tanuri lenyewe. Tarakimu zikipanda kati ya kituo kimoja na kingine, uvujaji uko hapo katikati, na kununua mtambo msafi zaidi hakutausaidia. Mgandamizo ndani ya tanuri nao lazima uwe juu kidogo ya wa nje, ili hata kama kuna tundu, gesi itoke badala ya hewa kuingia.

Kipimo nacho kina mtego wake. Vipima oksijeni vya zikonia hufanya kazi vikiwa na moto mkali. Vikipewa gesi yenye haidrojeni, haidrojeni huiunguza oksijeni juu ya kipima chenyewe, na tarakimu inayosomwa huwa ndogo mno kuliko ukweli. Baada ya kichocheo cha haidrojeni hutumika kipima cha aina nyingine, kinachofanya kazi kama betri na bila joto.

Aidha, matunzo ya kompresa ndiyo uhai wa mtambo. Mafuta yakipenya kwenye chembe za mkaa huziba vitundu vyake na havirudi tena. Salfa nayo huua paladiamu. Vichujio vya bei ndogo visipobadilishwa kwa wakati hugeuka gharama ya kubadilisha mkaa wote wa minara.

Gesi isiyonusa

Naitrojeni haina rangi, harufu wala sumu, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mtu anayeingia kwenye chumba au shimo lililojaa gesi hiyo hahisi kukosa pumzi. Huzimia baada ya kuvuta mara chache, na anayekimbilia kumwokoa bila kifaa cha hewa huanguka juu yake. Chumba cha mtambo kinapaswa kuwa na madirisha ya kutosha na kengele inayolia oksijeni inaposhuka chini ya asilimia 19.5. Hewa yenye oksijeni inayotemwa na minara nayo ielekezwe nje, kwa kuwa huchochea moto.

Haidrojeni ina hatari ya aina nyingine. Huwaka ikichanganyika na hewa kuanzia asilimia 4 hadi 75. Kanuni inayofuatwa na mafundi wa matanuri ni kuwa gesi inayowaka haiingizwi katika tanuri lenye joto chini ya nyuzi 760 kabla hewa yote haijafukuzwa kwanza kwa naitrojeni. Juu ya kiwango hicho gesi huwaka yenyewe inapoingia, badala ya kujikusanya na kulipuka.

Nani anahitaji, nani asijisumbue

Si kila anayepasha chuma anahitaji mambo haya. Jembe, panga na shoka hupashwa kwenye tanuri la wazi na hutoka vizuri, kwa sababu ngozi iliyoharibika huondolewa wakati wa kunoa. Kumwekea mhunzi wa majembe mtambo wa naitrojeni ni kumtia hasara.

Fundi mdogo anayetengeneza gia moja moja naye ana njia yake. Akiifunga kazi ndani ya sanduku la chuma lililojazwa mkaa au vinyoleo vya chuma cha kalibu, oksijeni iliyomo humalizwa na mkaa au vinyoleo hivyo kabla ya kuigusa gia. Ni njia ya polepole na haifai kwa maelfu ya vipuri, lakini haihitaji kompresa wala mtungi.

Wanaohitaji naitrojeni iliyosafishwa ni wale wanaopasha vipuri vingi vilivyokwisha kuchongwa kwa kipimo, waya, mabomba, sindano, beringi na vitu vinavyoungwa kwa shaba ndani ya tanuri. Kwa chuma kisichoshika kutu naitrojeni hata ikiwa safi haitoshi mara nyingi, kwa kuwa kromu iliyomo hushikana na oksijeni iliyo kidogo sana, na katika moto mkali hushikana hata na naitrojeni yenyewe. Kazi hiyo huhitaji haidrojeni kavu au tanuri lisilo na hewa kabisa.

Anayefikiria kununua mtambo anapaswa kumwuliza muuzaji mambo manne kabla ya kuuliza bei: usafi unaotajwa unapatikana kwa kiasi gani cha gesi kwa saa, unahesabu oksijeni pekee au na agoni, unakula hewa mita ngapi katika joto la hapa na si la Ulaya, na umande wa gesi inayotoka ni nyuzi ngapi. Muuzaji asiyeweza kujibu kwa tarakimu, na kuziandika kwenye mkataba, hajui anachouza.

Kwa upande wa mkulima, kipimo chake ni tupa. Chuma kilichotiwa ugumu sawasawa hadi kwenye ngozi huifanya tupa iteleze bila kung'ata. Ikiwa tupa inang'ata juu na kuteleza inapofika ndani, ngozi ya kipuri hicho iliunguliwa kaboni yake tanurini. Jaribio hilo hufanywa pembeni mwa kipuri, mbali na meno, na ni vyema kuomba ruhusa ya mwenye duka kwanza. Muuzaji mwenye vipuri vizuri hatakuwa na sababu ya kukataa.